Gurudumu la Tano

Msomaji, ukisimama kando ya barabara itokayo Mombasa, utaona malori marefu yenye vipande viwili: kichwa kivutacho, na trela libebalo mzigo. Kiungo chao huitwa gurudumu la tano. Jina hilo lilitoka wapi?

Hapo kale gari la farasi la magurudumu manne lilikuwa na duara la chuma, lililolazwa juu ya ekseli ya mbele ili ipate kugeuka. Motokaa zilipokuja, jina likahamia bamba la chuma lipokealo kichwa cha trela. Katika mwaka 1914, August Fruehauf, mhunzi wa Detroit, Marekani, alimuundia mfanyabiashara wa mbao trela la kuchukulia mashua, likavutwa na motokaa ya Ford. Mteja yule alirudi kutaka mengine ya mbao.

Siri ni mahali pa uzito. Mpagazi hujitwika mzigo kichwani, haungʼinizi mkononi. Vivyo hivyo, uzito ukikaa juu ya ekseli ya nyuma gari hutulia. Ukiningʼinia mkiani, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani haushiki vema.

Wakulima wa Marekani hutumia pia shingo ya bata: chuma kilichopinda, kinachoshika tufe lililofungwa sakafuni mwa pikapu. Chombo hiki ni chepesi kutumia. Lakini kikifungwa kwenye trela lililoundwa kwa bamba, urefu wake huwa kama wenzo, nao waweza kuvunja fremu njiani. Basi kabla ya kuunganisha, uliza kwanza trela liliundwa kwa kiungo gani.