Ukusanyaji wa milango ya kale ya Zanzibar

Ukusanyaji wa milango ya kale ya Zanzibar ni desturi ya kununua, kuhifadhi au kutumia kama mapambo milango ya mbao yenye nakshi iliyotengenezwa Unguja na katika miji mingine ya pwani ya Afrika Mashariki, hasa katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa kuwa mlango ni sehemu ya nyumba, kuung'oa hubadilisha jengo lenyewe. Hivyo ukusanyaji huu unahusiana moja kwa moja na uhifadhi wa miji ya kale.

Muundo
Mlango wa kawaida una miimo miwili, vizingiti vya juu na chini, na vipande viwili vinavyofunguka kwa ndani. Katikati husimama mfaa, ubao mwembamba uliopigiliwa kwenye kipande kimoja ili kufunika mwanya. Mbao zinazotumika ni pamoja na msaji, mvule na mfenesi.

Milango ya zamani zaidi huwa na kizingiti cha juu kilichonyooka, mara nyingine chenye maandishi ya Kiarabu, aya za Kurani au mwaka wa Hijria. Mwishoni mwa karne ya 19, wakati wa Sultani Barghash bin Said (1870–1888) na baada yake, ilienea milango yenye tao la juu na nakshi nzito za majani na maua, kwa athari ya Uhindi. Njumu za shaba nazo zinahusishwa na Uhindi, ambako inasemekana zilizuia tembo. Unguja zilikuwa pambo.

Matumizi kama mapambo
Mlango uliong'olewa huweza kusimamishwa upya, kutundikwa ukutani, au kugeuzwa meza, kichwa cha kitanda au fremu ya kioo. Milango ya nakshi, ya kale na mipya, huonekana pia katika hoteli za pwani ya kusini-mashariki ya Unguja, ukanda wa Paje, Jambiani na Makunduchi.

Mafundi wa leo huchonga nakala, na baadhi yake huchakazwa makusudi zionekane za kale. Mlango wa kale kwa kawaida huchakaa pale ulipoguswa na kukanyagwa: kizingiti cha chini, kando ya komeo na sehemu ya chini iliyopata mvua. Uchakavu ulio sawa kila mahali unatia shaka.

Ulinzi wa kisheria
Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1940. Sheria ya Kenya inaweka kikomo cha 1946. Zanzibar ina sheria zake, ikiwemo ile ya 1948 ya kuhifadhi majengo ya kale. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000.

Hasara kuu ya mlango uliohamishwa ni habari. Usipoandikwa ulitoka nyumba gani na mtaa gani, nakshi hubaki lakini historia ya familia na jengo hupotea. Kwa sababu hiyo wahifadhi hupendelea mlango utengenezwe na kubaki mahali pake.