Pikipiki na baridi ya kipupwe: mwongozo kwa wasafiri wa njia ya Uyole–Kasumulu

Na Mwandishi Wetu wa Biashara

Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, mfanyabiashara anayetoka Mbeya kwa pikipiki kwenda mpaka wa Kasumulu, ambako ng'ambo yake ni Songwe ya Malawi, hukutana na kikwazo kisichoandikwa kwenye orodha ya ushuru wala ya vibali. Kikwazo hicho ni baridi. Wengi huichukulia kuwa ni usumbufu tu, jambo la kuvumilia mpaka jua litoke. Makala haya yanaeleza kwa nini baridi ni hatari ya barabarani kama zilivyo breki mbovu, na namna ya kuikabili bila kupoteza siku ya biashara.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kupanda bodaboda alfajiri moja ya Julai kutoka Uyole. Kabla ya kufika Isyonje, dereva alisimama ghafla pembeni mwa barabara, na pikipiki ikazima kwa sababu alishindwa kubana klachi. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kabisa. Alikuwa kijana mzoefu, aliyeijua njia hiyo kona kwa kona. Kilichomshinda ni mikono, na mkono wa kulia ndio unaobana breki ya mbele.

Kwa nini njia hii ina baridi

Njia ya Uyole hadi Kasumulu ina urefu wa kilomita zipatazo 100. Uyole iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara hupanda mpaka zaidi ya mita 2,000 ikipita upande wa mlima Rungwe, kisha hushuka kupitia Kiwira na Tukuyu hadi bonde la Kyela, jirani na Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko chini ya mita 500. Kwa wastani joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 na nusu kila unapopanda mita 1,000. Maana yake, saa moja na siku moja, kileleni mwa njia kunaweza kuwa na baridi zaidi ya Kyela kwa nyuzi 10 hivi.

Kipupwe huongeza tofauti hiyo. Miezi hii pepo za kusi huleta hewa ya ubaridi kutoka kusini, na usiku anga likiwa jeupe ardhi hupoteza joto haraka. Mjini Mbeya joto la alfajiri huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na upande wa Makete na Kitulo umande huganda kabisa juu ya majani. Kwa Tukuyu kuna jambo la ziada, nalo ni maji. Eneo hilo ni miongoni mwa yanayopata mvua nyingi zaidi Tanzania, na ukungu wenye manyunyu ni kawaida.

Upepo ndio adui mkubwa

Mtu aliyesimama kituoni na mtu aliye juu ya pikipiki hawapati baridi sawa, ingawa hewa ni ileile. Mwendo huleta upepo, na upepo huondoa joto la ngozi. Kanuni ya kukokotoa baridi ya upepo inayotumika Kanada na Marekani tangu mwaka 2001 inatoa picha hii kwa ngozi isiyofunikwa:

- Hewa ikiwa nyuzi 10: kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa ngozi huhisi kama nyuzi 6, kwa 60, nyuzi 5, kwa 80, nyuzi 4.
- Hewa ikiwa nyuzi 5: kwa 40 ni nyuzi 1 chini ya sifuri, kwa 60, nyuzi 2 chini ya sifuri, kwa 80, nyuzi 3 chini ya sifuri.
- Hewa ikiwa nyuzi 0: kwa 40 ni nyuzi 7 chini ya sifuri, kwa 60, nyuzi 9, kwa 80, nyuzi 10.

Msomaji aone mambo mawili hapa. Kwanza, kupunguza mwendo kutoka 80 hadi 40 kunasaidia, lakini kwa kiasi kidogo. Anayetegemea kwenda polepole badala ya kuvaa vizuri atapata baridi tu, tena kwa muda mrefu zaidi. Pili, hesabu hii ni ya ngozi iliyo wazi. Ukizuia upepo usifike mwilini, umemaliza sehemu kubwa ya tatizo.

Gharama ya sekunde moja

Mwili ukipoa hulinda kwanza moyo na ubongo. Damu hupungua mikononi na miguuni, vidole huwa vizito, kisha hata uamuzi huchelewa. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hukata karibu mita 17 kwa kila sekunde. Dereva ambaye vidole vyake vimechelewa kwa sekunde moja tu atakuwa amekwenda mita 17 zaidi kabla breki haijaanza kushika. Katika mteremko wa Kiwira, nyuma ya lori lililobeba tani 30 ndani ya ukungu, mita hizo zinatosha kumaliza kila kitu.

Saa ya kuondoka

Wengi huondoka saa 10 alfajiri ili wawe wa kwanza mpakani. Tupige hesabu. Kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa, safari huchukua saa mbili na nusu. Aliyeondoka saa 10 hufika saa 12 na nusu asubuhi. Lakini Malawi, kama Zambia, iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, hivyo ng'ambo ni saa 11 na nusu. Wanunuzi, mawakala na wabadilisha fedha wa huko hawajaamka.

Aliyeondoka saa 1 na nusu hufika saa 4, ambayo kwa Malawi ni saa 3 asubuhi. Soko ndiyo kwanza linachangamka. Wa kwanza amepata nini? Mara nyingi amepata kusubiri tu, baada ya kupita sehemu mbaya gizani. Ikumbukwe pia kwamba Mbeya jua la Julai huchomoza karibu saa 1 asubuhi, na baridi huwa kali zaidi karibu na wakati huo huo. Kwa lugha ya uchumi, huyu amelipa gharama kubwa kununua muda usio na thamani.

Mwenye miadi ya mapema ni bora ashuke jana yake mchana, alale Kyela kwenye joto.

Mavazi

Si lazima kununua mavazi ya bei kubwa. Kinachotakiwa ni mpangilio.

1. Ndani vaa nguo inayobana kidogo na isiyoshika jasho. Fulana ya pamba ikilowa hukaa na maji mwilini, na maji huondoa joto haraka mara 25 hivi kuliko hewa.
2. Katikati vaa sweta la sufu au jaketi laini la mtumba. Kazi yake ni kuhifadhi joto.
3. Nje vaa koti lisilopitisha upepo wala maji. Koti la mvua la kawaida juu ya sweta ni bora kuliko masweta matatu yanayopitisha upepo.

Ukikwama njiani bila koti, kurasa kadhaa za gazeti kifuani, chini ya shati, huzuia upepo vizuri. Shingo ifungwe kwa skafu fupi ambayo ncha zake zimechomekwa ndani. Ncha ndefu huweza kunaswa na gurudumu au cheni.

Kwa mikono, vaa glavu nene lakini si nene kiasi cha kushindwa kuhisi breki. Dawa nzuri zaidi ni mifuko ya ngozi au turubai inayofungwa kwenye usukani kufunika mikono na vishikio. Fundi viatu yeyote anaweza kuishona. Hakikisha mkono unaingia na kutoka bila kunasa. Miguuni vaa soksi mbili, katikati yake mfuko wa plastiki. Kiatu kisibane, kwani kikibana damu haifiki vidoleni.

Kofia ngumu ivaliwe na kioo chake. Kikishika mvuke, fungua kidogo kwa chini, usikipandishe chote. Abiria naye avae kama dereva. Yeye hana hata kazi ya kumpasha joto.

Chombo

- Betri hupungua nguvu kwenye baridi. Pikipiki inayowaka kwa shida Kyela haitawaka kwa swichi Uyole. Kagua kiki kabla ya safari.
- Mafuta ya injini huwa mazito. Namba iliyo kabla ya herufi W kwenye kopo huonyesha tabia yake kwenye baridi: ikiwa ndogo, mafuta hutembea vizuri zaidi injini ikiwa ya baridi. Fuata kitabu cha chombo chako.
- Kwa pikipiki za kabureta, vuta choki, washa, acha injini ipate joto dakika moja au mbili, kisha rudisha choki. Ukisahau utachoma mafuta bure na kuchafua plagi.
- Upepo wa tairi hupungua joto likishuka. Aliyejaza mchana kwenye nyuzi 22 atakuta pungufu ya psi 2 hivi alfajiri kwenye nyuzi 8. Pima asubuhi kabla ya kutembea.
- Nyaya za klachi na breki zipakwe mafuta. Waya mkavu na kidole kilichokufa ganzi ni mchanganyiko mbaya.

Mzigo nao huhisi baridi

Ndizi huharibika zikikaa chini ya nyuzi 13 hivi. Ganda hugeuka rangi ya kijivu na haziivi vizuri. Nyanya nazo hazipendi baridi kali. Vifaranga wa siku moja huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, hivyo boksi lililo wazi nyuma ya pikipiki ni hasara ya uhakika. Funika mzigo kwa turubai upande wa mbele unakotoka upepo, acha nafasi ndogo ya hewa nyuma, na vifaranga wasafirishwe mchana, ikiwezekana ndani ya gari.

Njiani

Panga kusimama kila baada ya dakika 30 hadi 40 hata kama hujachoka. Tembea, zungusha mikono, kunywa chai au uji wa moto. Usishike ekzosi ili kupasha vidole. Ngozi yenye ganzi huungua bila kujua. Kwenye ukungu washa taa ya chini, kwa kuwa taa kali hurudishwa na ukungu machoni mwako. Vaa kizibao kinachong'aa juu ya koti, si chini yake.

Kwa madereva wa malori: mpe mwenye pikipiki nafasi kubwa zaidi kipindi hiki. Upepo wa lori linalompita humyumbisha, na mikono yake haina wepesi wa siku zote.

Dalili za hatari

Mwili wa kawaida una nyuzi 37. Ukishuka chini ya 35, hiyo ni dharura. Dalili ni kutetemeka kusikozuilika, maneno kuburuzika, kuangusha vitu, kusinzia na kukosa uamuzi. Mtu aliyeacha kutetemeka ilhali bado ana baridi na haeleweki anachosema hajapona. Hali yake imezidi.

Mtoe kwenye upepo, mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa mablanketi pamoja na kichwa. Kama ana fahamu na anameza vizuri, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Usimsugue mikono na miguu, wala usimpe pombe. Pombe humfanya ajisikie joto huku mwili ukizidi kulipoteza. Mpeleke hospitali.

Hatari nyingine iko mwisho wa safari. Kila msimu wa baridi kuna anayeingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga mlango na kulala. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo huua usingizini. Omba blanketi la pili. Jiko libaki nje.

Njia nyingine

Yaliyoelezwa hapa yanafaa pia kwa wanaopita Makambako–Njombe, kwa wa Tarakea na Oloitokitok chini ya Kilimanjaro, kwa wa Kabale kuelekea Katuna na Gatuna, na kwa wanaovuka Timboroa kati ya Nakuru na Eldoret, ambako kituo cha reli kiko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Miezi ya baridi kali hutofautiana, lakini upepo ni uleule.

Mfanyabiashara makini hukagua hati, bima ya kadi ya njano na fedha kabla ya kuondoka. Katika kipupwe aongeze glavu, koti na saa nzuri ya kuondoka. Gharama yake kwa msimu mzima ni ndogo kuliko kubadilisha tairi moja. Wahenga walisema kawia ufike.