Kutoka "Simu ya Upepo" hadi Intaneti ya Ubia

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ilikuwa imekwisha kufika Kigoma kwa kupitia Urambo, Kaliua na Usinge. Kwa sehemu kubwa iliandamana na njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Kando yake zilisimama nguzo, na juu ya nguzo ukatandwa waya ambao jina lake lilitoka pwani: simu. Asili ya neno hilo ni "sim" la Kiajemi, lenye maana ya madini ya fedha na pia waya. Kwetu likataja waya, kisha habari iliyopelekwa kwa waya huo, na baadaye chombo cha kusemea, yaani "simu ya mdomo".

Ilipozuka habari isiyohitaji waya, watangulizi wetu hawakulitupa neno hili. Walisema "simu ya upepo". Ukifuata asili, maana yake ni "waya wa upepo", kosa la mantiki ambalo halikumdhuru mtu. Waajemi wenyewe walisema "bisim", bila waya. Nasi leo tuna "pasiwaya", neno la ukoo huo huo, ingawa kwa masikio yangu "upepo" lilikuwa na ladha zaidi.

Kiwango cha kwanza cha mawasiliano ya kompyuta kwa njia hiyo kilitolewa mwaka 1997, na jina la Wi-Fi likafuata mwaka 1999. Hapo vyombo havikutusumbua sana. "Kompyuta mpakato" ni istilahi njema, kwani mtu huipakata kama apakatavyo mtoto. Taabu imo katika kitendo.

Tuseme katika nyumba moja ya Usinge pana simu ya mkononi iliyojazwa kifurushi, na kompyuta mpakato isiyo na njia yake yenyewe. Simu huwa mnara mdogo: hupokea intaneti kutoka mnara mkubwa na kuirusha chumbani kwa mawimbi ya redio. Mfasiri hukiita kitendo hicho "Shiriki intaneti". Lakini kushiriki ni kuingia katika jambo. Mtu hushiriki mkutano au mazishi. Mwalimu asomaye maneno hayo katika simu yake ataelewa kwamba anaalikwa katika intaneti ya mwingine, kumbe anafungua mlango wa kwake, na kifurushi alichonunua yeye ndicho kitakacholiwa na kompyuta ya jirani. Huo si upungufu wa lugha; mfasiri amefuata neno la kigeni asitazame nani anatoa na nani anapokea.

Kiswahili hutofautisha mambo haya kwa makini, hasa katika chakula. Mwenye kitu humgawia asiye nacho. Wanaotoa gharama pamoja hula bia. Wanaoandaliana kwa zamu hula kikoa. "Kuchangia" nalo lina pande mbili: kuchangia harusi ni kutoa fedha, na kuchangia wembe ni kuutumia pamoja, jambo ambalo waganga hulikataza. Kwa sababu hiyo silipendekezi kwa maagizo mafupi ya kwenye kioo cha simu.

Napendekeza, basi, kwa mwenye simu paandikwe "Wagawie wengine intaneti". Atakayesema kwamba kugawa ni kukata mafungu hajakosea, kwani watumiaji wakizidi kasi ya kila mmoja hupungua kweli. Ama kwa nyumba au ofisi ambamo watu kadhaa hulipia njia moja, neno lifaalo ni la bia. Najua pingamizi litakalotolewa: vijana wakisikia "bia" huwaza chupa. Lakini "mbia" na "ubia" yamo katika mikataba ya biashara kila siku, wala hakuna karani aliyewahi kuyadhania kinywaji. Kwa hiyo "intaneti ya ubia" yaweza kuandikwa hata katika barua ya serikali.