Wapagazi 96 wa Lugalo

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski kilikuwa kikipita Lugalo, karibu na Ilula, kwa mstari mmoja mrefu katika njia nyembamba. Mizinga ilikuwa imefungwa juu ya punda. Wapiganaji wa Kihehe walikuwa wamelala kwenye majani na nyuma ya mawe, wakisubiri. Walipoinuka na mikuki yao, pigano halikuchukua muda mrefu. Wengi hulikadiria kwa dakika, si kwa saa. Zelewski, aliyekuwa akiitwa Nyundo, aliuawa. Walikufa pia Wazungu wengine tisa, askari wapatao 250 na wapagazi 96.

Sisi tuliokulia Ilula hatukuisoma habari hii kwenye kitabu kwanza. Tuliisikia nyumbani, tukaupita mnara wa Lugalo kila tulipopanda gari kwenda Iringa mjini, na tulipofika Dar es Salaam tukakuta kambi ya jeshi na hospitali zenye jina hilohilo. Lugalo kwetu ni ushindi. Hata anayeuza nyanya na vitunguu barabarani atakwambia kwamba hapa ndipo Mjerumani alipopigwa.

Mwaka huu, katika darasa la uzamili, mwalimu alitutaka kila mmoja achague vita moja na ajibu swali moja: je, ilikuwa ya haki? Nilichagua Lugalo nikidhani jibu ni rahisi. Kuna sehemu moja ambayo kweli ni rahisi, na nianze nayo.

Wanafalsafa wa Kikristo wa zamani, hasa Thomas Aquinas katika karne ya 13, walidai mambo matatu kabla vita haijaitwa ya haki: aitangaze mwenye mamlaka, iwe na sababu ya haki, na nia iwe njema. Waliokuja baadaye waliongeza mengine: vita iwe njia ya mwisho, iwe na tumaini la kufanikiwa, na wanaopigana wawatenge wenye silaha na wasio na silaha. Mtanzania hahitaji kwenda mbali kuyaelewa haya. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera, Mwalimu Nyerere aliliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao. Watu wazima wengi wanaikumbuka kauli hiyo mpaka leo. Sababu na nia ni za Aquinas. Uwezo ni lile tumaini la kufanikiwa.

Kwa kipimo cha sababu, Mkwawa anapita. Kikosi cha Zelewski kilikuwa kimeingia Uhehe kikichoma makazi ya watu njiani. Hakuna Mhehe aliyekuwa amevuka bahari kwenda kuchoma nyumba za Wajerumani. Mwenye nyumba akimvizia mvamizi mlangoni, hatumwiti muuaji.

Nilipomaliza kusoma hoja hiyo darasani, mwenzangu mmoja Mgogo, mtani wangu, aliuliza: "Na sisi tulikuwa tunavamiwa na nani?" Darasa lilicheka, kwa kuwa Mgogo na Mhehe ni watani na utani una ruhusa yake. Lakini swali lilikuwa la kweli. Kabla ya Lugalo, majeshi ya Wahehe, tangu enzi za Munyigumba baba yake Mkwawa, yalikuwa yakiwapiga majirani: Wasangu, Wagogo, watu wa Usagara. Walichukua ng'ombe, walichukua watu, na walishambulia misafara ya biashara. Wasangu chini ya Merere walisukumwa nje ya nchi yao, na baadaye walishirikiana na Wajerumani wapate kurudi. Mtu wa Ugogo aliyesikia kwamba Mkwawa anatafutwa huenda hakuona sababu ya kulia.

Je, hilo linaiharibu haki ya Lugalo? Nadhani hapana. Mtu aliyewahi kumwibia jirani haipotezi haki ya kujikinga jambazi anapovunja mlango wake. Wajerumani nao hawakuja kuwarudishia Wagogo ng'ombe. Walikuja kutawala wote, Wagogo wakiwemo. Ila swali lile linatuzuia kusema kwamba Mkwawa alikuwa mtu wa haki kwa sababu tu vita yake hii ilikuwa ya haki.

Sehemu ngumu ni wapagazi.

Askari walikuwa wameajiriwa kupigana. Baadhi yao walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri na Hermann von Wissmann mwaka 1889, wengine walitoka Msumbiji. Mwanafalsafa Michael Walzer, katika kitabu chake cha mwaka 1977, anasema askari wa pande zote mbili wako sawa kimaadili: wote wanaweza kuua na kuuawa, na lawama ya vita inabaki kwa waliowatuma. Jeff McMahan anampinga. Kwake, anayepigania upande usio na haki hana haki sawa na anayejilinda, hata kama amevaa sare. Lakini ukimfuata yeyote kati yao, askari wa Zelewski aliyeshika bunduki ndani ya Uhehe alikuwa adui halali.

Mpagazi hakushika bunduki. Kichwani alikuwa na mzigo: chakula, hema, pengine sanduku la risasi. Mpagazi alifanya kazi kwa ujira, au kwa kukosa njia nyingine. Mkuki wa Lugalo haukuuliza nani amebeba nini. Mtetezi wa Wahehe atasema, na mimi nilisema, kwamba katika shambulio la dakika chache, kwenye majani marefu, hakuna muda wa kuuliza. Na kwamba bila wapagazi jeshi la kikoloni lisingetembea hata siku moja. Yote mawili ni kweli. Hoja ya pili, hata hivyo, ni ya hatari. Ukisema kila anayelilisha jeshi ni jeshi, basi mkulima naye ni jeshi.

Na hoja hiyohiyo ndiyo iliyotumiwa juu yetu. Ngome ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894 chini ya gavana von Schele, Mkwawa akakimbilia porini na kupigana vita ya msituni. Wajerumani, wakiongozwa na Tom von Prince, hawakuweza kumkamata, wakawaadhibu waliomlisha: vyakula vilichukuliwa au kuharibiwa, wanawake walikamatwa, na rupia 5,000 zikatangazwa kwa kichwa chake. Miaka michache baadaye, wakati wa Majimaji, mbinu hiyo ya kuchoma mashamba ilileta njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi kule kusini. Siwezi kuilaani Songea na kuisamehe Lugalo bila kueleza tofauti.

Tofauti ipo, nayo ni hii. Mpagazi wa Lugalo alikufa ndani ya msafara wa kijeshi unaosonga mbele, katika pigano. Mkulima wa Uhehe alishambuliwa shambani kwake kwa makusudi, ili njaa ifanye kazi ya bunduki. Tofauti hii inatosha kuwaondolea Wahehe lawama ya kuua kwa makusudi watu wasio na hatia. Haitoshi kuvifanya vifo vile 96 kuwa si kitu.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba vita inaweza kuwa ya haki, na ya Lugalo ilikuwa. Ila haki ya sababu haifuti deni kwa kila aliyekufa. Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 huko Mlambalasi. Kichwa chake kilikatwa, na madai ya kurudishwa kwa fuvu yakaingia katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246. Mwaka 1954 gavana Twining alilikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi. Maofisa wa Kijerumani walijengewa mnara na watu wao. Wapagazi hawakupata mkataba wala mnara. Walikuwa Waafrika waliokufa upande usio wetu, basi hatukuwahesabu, na Mjerumani aliyewahesabu aliwahesabu pamoja na mizigo.

Sisemi tuache kujivunia Lugalo. Nasema tunapomsimulia mtoto habari ya Nyundo, tusiishie kwa Nyundo. Tumwambie pia kwamba siku ile walikuwepo watu 96 waliobeba mizigo ya wengine, wakafia katika ugomvi usio wao. Akiuliza kama walistahili, tumjibu kwamba hawakustahili, na kwamba hata hivyo babu zetu walikuwa na haki ya kupigana. Mtoto anaweza kuyabeba yote mawili.