Ua Zuri Lililoziba Ziwa

Ndugu mkulima wa Ruaruke, wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mkorosho unaokupa fedha na muhogo unaokushibisha, yote miwili asili yake ni Amerika ya Kusini, Wareno ndio walioileta Afrika. Hata bogenvilia uliyoipanda mlangoni imetoka huko huko. Wageni hao wametufaa.

Lakini yuko mgeni mmoja ambaye hakumponya mwenyeji. Huyo ni gugu maji. Kwao ni bonde la mto Amazon. Ua lake la zambarau linapendeza mno, na kwa ajili ya ua hilo watu walilichukua nchi hadi nchi, wakalipanda katika mabwawa ya bustani zao.

Hapa Tanzania gugu hili lilionekana katika mto Sigi mwaka 1955, na katika mto Pangani mwaka 1959. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria, na huko ndiko balaa lilikokuwa kubwa. Mche mmoja hutoa machipukizi, na penye maji yenye rutuba gugu huweza kuongezeka mara mbili kwa muda wa wiki mbili hivi. Mitumbwi ikakwama, nyavu zikanasa, mabomba ya maji yakaziba. Katika miaka ya 1990 Uganda, Kenya na Tanzania zikaachia ziwani wadudu wanaolila, ambao nao asili yao ni Amerika ya Kusini. Likapungua sana, ila halikwisha, maana mbegu zake hukaa matopeni miaka mingi.

Je, haya yanakuhusu nini wewe? Maji ya chumvi ya upande wa bahari huliua gugu hili. Lakini bonde la Rufiji lina mabwawa ya maji baridi, na mpunga wako na samaki wako vinayategemea.

Basi pamba nyumba yako kwa maua, hakuna ubaya. Bogenvilia hukaa pale ulipoipanda. Ila ua la majini usilitupe mtoni wala bwawani. Ukiliona gugu maji, ling'oe pamoja na mizizi kabla halijachanua, lianike mbali na maji mpaka likauke kabisa, kisha mjulishe bwana shamba au bibi shamba. Mche mmoja utaung'oa peke yako. Ukishazaliana, hata kijiji kizima hakitauweza.