Nakuru, chimbuko la maduka makubwa, ingali na nafasi kwa mwenye mtaji mdogo

NAKUMATT, Tuskys na Naivas ni majina ambayo kwa miaka mingi hayakuhitaji kuelezwa kwa Mkenya yeyote aliyewahi kununua sukari au sabuni mjini. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifahamu ni kwamba maduka yote hayo matatu yana asili moja, nayo ni eneo la Nakuru.

Nakumatt ni ufupisho wa Nakuru Mattress, biashara ya familia iliyokuwa ikiuza magodoro mjini humo. Tuskys, ambayo jina lake rasmi lilikuwa Tusker Mattresses, ilitokana na duka dogo la Joram Kamau katika kituo cha Rongai. Naivas nayo iliandikishwa mwaka wa 1990 kwa jina la Naivasha Self Service Stores, na mwanzilishi wake, Peter Mukuha, alikuwa nduguye Kamau. Yaelekea godoro lilikuwa mwalimu mzuri wa biashara.

Haikuwa sadfa kwamba wafanyabiashara hao walitoka mahali pamoja. Nakuru iko umbali wa kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, kwenye barabara kuu inayotoka Mombasa kuelekea Uganda. Mbele kidogo, katika eneo la Mau Summit, barabara hiyo hugawanyika: mkono mmoja huelekea Eldoret na Malaba, mwingine Kericho na Kisumu. Kutoka mjini humo zipo pia barabara za kwenda Nyahururu, Eldama Ravine na Marigat. Mwenye ghala Nakuru anaweza kuwahudumia wateja wa Baringo, Laikipia, Nyandarua na Kericho, na gari lake likarudi kabla ya usiku kuingia.

Reli ndiyo iliyoanzisha mji huo. Ilifika hapo mwaka wa 1900, mwaka mmoja kabla ya kufika Kisumu, na mnamo 1904 Nakuru ikatangazwa kuwa mji. Jina lenyewe linasemekana kutokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali penye vumbi. Walowezi wa Kizungu waliotwaa mashamba ya eneo hilo waliufanya mji huo kuwa kituo chao cha kuuzia nafaka na kununulia pembejeo. Baada ya uhuru mashamba mengi yaligawanywa kwa wakulima wadogo, na idadi ya wenye fedha za kutumia madukani ikaongezeka. Chama cha wakulima cha KFA kina makao yake makuu hapo, na hata leo mzunguko wa barabara ulio karibu nacho huitwa KFA.

Hapo ndipo ilipo siri ya maduka yale. Mkulima aliyeuza mahindi, maziwa au pareto alishuka mjini akiwa na fedha taslimu na orodha ndefu ya mahitaji. Aliyeweza kumuuzia mbolea, unga, blanketi na godoro chini ya paa moja, tena kwa bei nafuu, alimpata mteja wa kudumu. Baadaye mbinu hiyo hiyo ilipelekwa Nairobi na ikafaulu.

Hata hivyo, historia hiyo ina upande wa pili ambao anayeanza biashara hana budi kuufahamu. Nakumatt ilipanuka hadi ikawa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki, lakini upanuzi huo uliegemea mikopo na bidhaa zilizochukuliwa bila kulipiwa papo hapo. Mnamo Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe. Tuskys iliyumba mwaka huo huo, ikiandamwa pia na mizozo ya kifamilia, na matawi yake yakafungwa moja baada ya jingine. Naivas ndiyo iliyosalia, na mwaka wa 2022 kampuni ya IBL ya Mauritius iliongoza wawekezaji walionunua sehemu kubwa ya hisa zake.

Walioumia zaidi katika maanguko hayo ni wauzaji wadogo waliokuwa wakipeleka mayai, mboga, mikate na maziwa kwa mkopo. Mwenye kampuni kubwa huweza kustahimili deni la miezi sita, lakini mwenye kuku 500 hawezi. Ndiyo maana anayetaka kuuza bidhaa zake kwa maduka makubwa anapaswa kuwa na wanunuzi wengine wanaolipa papo hapo, kama vile hoteli, shule na wachuuzi wa soko la Wakulima, hata kama bei yao ni ya chini kidogo.

Wateja wapo. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Kaunti ya Nakuru ilikuwa na wakazi 2,162,202, ikiwa ya tatu nchini baada ya Nairobi na Kiambu. Mnamo Desemba 1, 2021, Rais Uhuru Kenyatta aliukabidhi mji huo hati ya kuwa jiji, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Hadhi hiyo peke yake haijazi mfuko wa mtu, lakini iliipandisha bei ya ardhi na kuwavuta wajenzi. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo huko Njoro, na kile cha Kabarak huleta maelfu ya wanafunzi wanaohitaji vyumba, chakula na usafiri. Mitaa ya Kiamunyi, Pipeline na Free Area imejaa nyumba mpya. Upo hata mtaa uitwao London, jirani na kreta ya Menengai, ingawa kodi yake ni ya Nakuru.

Utajiri mkubwa wa eneo hilo, hata hivyo, ungali shambani. Molo, Kuresoi na Mau Narok hukuza viazi kwa wingi. Njoro ina ngano na shayiri. Rongai ina mahindi. Subukia ina nyanya. Bahati ina ng'ombe wa maziwa na kahawa kiasi. Tatizo la siku nyingi ni kwamba mazao hayo huondoka yakiwa mabichi. Viazi ndivyo mfano ulio wazi zaidi. Wakulima wa sehemu moja huvuna wakati mmoja, malori hujaa barabarani, bei huporomoka, na wiki chache baadaye mnunuzi wa Nairobi analipa maradufu. Madalali wamezoea kununua kwa magunia yaliyorefushwa kwa wavu, ijapokuwa kanuni za mwaka wa 2019 zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50.

Pengo lililopo kati ya bei ya shambani na bei ya mlaji ndilo nafasi ya biashara. Ghala lenye giza, hewa ya kutosha na ubaridi wa milima ya Molo huhifadhi viazi kwa wiki kadhaa bila mashine ya gharama kubwa. Kuchambua, kuosha na kufungasha viazi kwa ajili ya wauzaji wa vibanzi huongeza thamani yake. Kuzalisha mbegu safi ni kazi nyingine yenye soko, kwani mbegu zilizothibitishwa, zikiwemo zinazotoka katika shamba la ADC huko Molo, hazijawahi kuwatosha wakulima. Maziwa nayo yanaweza kugeuzwa kuwa mala na mtindi, mradi mhusika apate leseni ya Bodi ya Maziwa na alama ya ubora ya KEBS.

Pareto inatoa onyo. Wakati mmoja Kenya iliongoza ulimwenguni kwa zao hilo, na kiwanda chake kilikuwa Nakuru. Wakulima walipocheleweshewa malipo kwa miaka mingi, waling'oa mimea na kupanda viazi. Kaunti imekuwa ikijaribu kulifufua zao hilo, lakini imani iliyopotea hairudi upesi kama mbegu inavyoota.

Naivasha ina uchumi wake wa aina nyingine. Ziwa lake ni la maji matamu, tofauti na lile la Nakuru lenye magadi, na kwa sababu hiyo mashamba ya maua yalienea kandokando yake. Huko Olkaria, umeme wa mvuke wa ardhini umekuwa ukizalishwa tangu mwaka wa 1981, na shamba la maua la Oserian lilianza kutumia joto hilo katika vibanda vyake mwaka wa 2003. Mvuke wa Menengai pia umeanza kutoa umeme: mtambo wa kwanza wa megawati 35 ulianza kazi mwaka wa 2023. Reli ya SGR ilifika Naivasha Oktoba 2019, ikakomea hapo kwa miaka. Bandari ya nchi kavu ilijengwa huko, na serikali ikatenga eneo maalumu la kiuchumi kwa ahadi ya umeme wa bei nafuu kwa viwanda. Mwenye mtaji mdogo asitazamie kujenga kiwanda hapo. Nafasi yake iko katika kuwalisha madereva wa malori, kutengeneza magurudumu, kupangisha vyumba na kuuza vifungashio.

Utalii nao upo, kuanzia Mbuga ya Ziwa Nakuru hadi mashindano ya magari ya Safari Rally yaliyorejea mwaka wa 2021, ila ni biashara ya msimu.

Kasoro hazikosekani. Kiwanda cha betri cha Eveready, kilichokuwa fahari ya mji tangu mwaka wa 1967, kilifungwa mwaka wa 2014 baada ya kulemewa na bidhaa za bei rahisi kutoka nje. Msongamano katika barabara kuu huoza nyanya ndani ya lori. Mnamo Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, ambayo watumiaji watailipia ada. Maji ya maziwa yamepanda tangu mwaka wa 2010, yakazamisha lango la zamani la mbuga, na wakazi wa Kihoto, Naivasha, wamefurushwa zaidi ya mara moja. Mafuriko ya Mai Mahiu ya Aprili 29, 2024 yaliua watu zaidi ya 50. Anayenunua kiwanja ni heri aulize maji yalifika wapi, kisha aende afisi ya ardhi kuthibitisha hati.

Jambo lililo gumu zaidi kulitaja ni siasa. Molo ilikumbwa na mapigano ya kikabila mwaka wa 1992, Njoro mwaka wa 1998, na mwishoni mwa Januari 2008 ghasia za baada ya uchaguzi zikazuka Nakuru na Naivasha. Maduka yaliteketezwa na wapangaji wakahama usiku. Chaguzi za 2013, 2017 na 2022 hazikurudia maafa ya kiwango hicho. Hata hivyo, bima ya kawaida ya moto mara nyingi haihusishi hasara ya ghasia za kisiasa, na kinga hiyo hununuliwa kando. Uchaguzi mkuu ujao umepangwa Agosti 2027. Atakayefungua duka kabla ya hapo aulize kuhusu kifungu hicho kabla ya kutia sahihi.