Ganda la Vijidudu: Kutoka Kiziba Mpaka Mwanza

Katika nchi ya Kiziba, kaskazini ya Bukoba, karibu na Ziwa Viktoria, watu walikuwa na ugonjwa walioujua kwa jina la rubwunga kabla tabibu yeyote wa Kizungu hajafika kuuchungua. Kwa jirani zao Waganda, maradhi hayo yaliitwa kaumpuli. Serikali ya Wadachi ilimpeleka Kiziba tabibu wa jeshi, Zupitza, na vipande alivyovikusanya vikachunguzwa na Robert Koch, aliyekuwa Dar es Salaam. Mwaka 1898 Koch alitangaza kwamba rubwunga ndiyo tauni, ile ambayo Yersin alikiona kijidudu chake Hong Kong mwaka 1894.

Basi majina yalikuwa mengi, na kitu kilikuwa kimoja. Lakini umoja huo nao una mipaka. Mwaka 1951 Devignat, aliyefanya kazi katika Kongo ya Wabelgiji, aliwagawa vijidudu hao mafungu matatu: Antiqua, Medievalis na Orientalis.

Tofauti kubwa zaidi imo katika vazi. Kijidudu cha tauni kina ganda laini liitwalo F1. Ndani ya kiroboto, penye ubaridi, hakilivai. Katika mwili wa mtu, penye joto la digrii 37, hulivaa, na chembe nyeupe za damu huona taabu kukimeza. Maagizo ya kulifanya ganda hilo yamo katika plazmidi, yaani duara dogo la urithi lililojitenga na urithi mkuu. Wako vijidudu waliokosa ganda hilo, na bado waweza kuua. Kipimo kinachotafuta ganda peke yake hakiwaoni.

Elimu ya urithi yenyewe ilipata nguvu kwa habari hizi za maganda. Griffith, mwaka 1928, aliona kijidudu cha nimonia kisicho na ganda kikilipata kutoka kwa wenzake waliokwisha kufa. Na mwaka 1944 Avery, MacLeod na McCarty walionyesha kwamba kilichohamishwa ni DNA.

Mambo haya si ya kale tu. Mwaka 2013 watafiti wa Mwanza, wakichunguza watoto wachanga waliougua sumu ya damu katika hospitali ya Bugando, walieleza kwamba ukoo mmoja wa Klebsiella pneumoniae, ST14, ulikuwa umeenea kuliko mingine, nao ulikuwa na kinga dhidi ya dawa zenye nguvu. Vijidudu wa jamii hiyo wana aina za maganda zaidi ya 70, na koo zake huweza kubadilishana maagizo ya maganda. Kwa hiyo jina la ukoo halitoshi kulitaja vazi, wala vazi halitoshi kuutaja ukoo.

Amtambuaye mtu kwa joho lake humpotea siku alibadilipo. Ndiyo sababu chanjo ya nimonia iliyoingizwa Tanzania mwishoni mwa mwaka 2012 ilitengenezwa kwa aina 13 za maganda zilizotajwa moja moja. Mtoto aliyechanjwa amekingwa na zile zilizotajwa. Isiyotajwa bado ina njia.